Pikipiki Yenye Nasaba

Mowlid wa Modogashe alikuwa mtu wa nasaba, na hilo ndilo lililommaliza. Mwonyeshe ngamia yeyote, atakutajia mama yake, na mama wa mama yake, na kisima walikonyweshwa mwaka wa ukame. Ngamia hununuliwa kwa mama yake, alisema, si kwa umbo lake. Na pikipiki akaipima vivyo hivyo, mpumbavu yule.

Ilikuwa ya Abdihafid, kijana wa Garissa mjini aliyerudi kutoka Italia: injini ndogo ya CC 125, kiti kirefu juu, tairi pana laini za kukimbia kwenye lami. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimetembezwa Garissa nzima bila mnunuzi. Lakini Abdihafid alijua anasema na nani.

"Walaal, ndugu yangu, babu mwenye kiwanda chake alianza na baiskeli," alisimulia. "Mwanawe akatia injini. Mjukuu akashinda mashindano mpaka vikombe vikakosa pa kuwekwa."

Vizazi vitatu! Mowlid alisikiliza macho yamemlegea. Hizi boda boda za kila mtu, babu yao nani?

Hakuwa na cha kubadilishana ila ngamia mmoja, tena si wake. Binti yake Idman alipozaliwa, miaka tisa iliyopita, siku ya kukatwa kitovu, ayeeyo, yaani nyanya yake, alimtunukia ndama jike wa ngamia. Zawadi hiyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto, baba haigusi. Ukame ulipofagia wengine, huyo alibaki, na maziwa yake ndiyo yaliyoilisha nyumba. Mowlid akamtoa.

"Nimemwazima mtu tu," alimwambia binti. "Pikipiki ikishika kazi, namrudisha."

Haikushika kazi. Ikitoka lami tu, tairi zinazama mchangani. Abiria mmoja, mama wa watu, alijaribu kukipanda kile kiti na dera lake refu, akaanguka chali, soko zima likacheka. Mowlid akaikokota kwa Ogle, fundi wa malori pale njia panda. Ogle alifuta grisi kwenye injini, akasoma maandishi, akatikisa kichwa.

"Kiwanda cha huyo babu kilikufa zamani. Hawa walioiunda hii wamenunua jina tu. Injini yenyewe imetoka kwa watu wengine kabisa."

Jina la ukoo limenunuliwa! Mowlid aliona aibu kuliko hasara. Mtu aliyejua nasaba ya ngamia wa wilaya nzima alikuwa ameuziwa mwana wa kuokota.

Jumamosi asubuhi aliamua kuirudisha. Idman hakukubali kubaki. Alijifunga kamba kiunoni, ya kumwongozea ngamia wake nyumbani, hata kama watatembea siku nne. Kwenye lami ya Garissa pikipiki ilipaa kweli, na mtoto akacheka njia nzima.

Walikuta harusi kwa Abdihafid, turubai limetandwa, masufuria yanafuka. Mgeni haulizwi kitu kabla ya kula. Idman aliwekewa sinia la wali na nyama mbele yake, naye hakuwa ameonja nyama tangu Iddi.

Mowlid alimvuta mwenyeji nyuma ya turubai. "Chukua pikipiki yako. Nipe ngamia wetu."

Abdihafid alimkodolea macho. Hakuwa na ubaya. Mtu wa mjini, ngamia kwake ni nyama. "Ngamia gani tena, walaal? Si ndiye huyo mnayemla?"

Mowlid alirudi kwenye sinia. Idman alikuwa amefungasha vipande kadhaa kwenye karatasi.

"Hivi vya ayeeyo. Ni laini, hata bila meno atavimudu." Akachagua kimoja chenye mafuta, akamnyooshea baba yake mdomoni mbele ya wageni. "Aabo, nawe kula haraka, twende tukamchukue."

Mowlid alifungua kinywa, akala.