Mashimo Matatu Kisiwani

Mwezi wa pili Agathe alihesabu mara tatu, na mara zote hesabu ilikataa. Vichaka vilikuwa kumi na tisa, sasa vilibaki kumi na sita. Mahali pa vile vitatu palikuwa na mashimo yaliyochimbwa kwa uangalifu, hata udongo wake umebebwa.

Agathe alifanya kazi kwenye kitalu cha shirika moja la mazingira mjini Bukavu. Kila mwezi alivuka ziwa hadi Kacuba, kisiwa kidogo cha mawe, kwa ajili ya kichaka kile chenye maua meupe. Wataalamu walikuwa wamekitafuta kwingine kote, hata kwenye kisiwa kikubwa cha Idjwi, wasikipate.

Aliyemvusha siku zote ni Papa Zagabe. Siku ile alimwona Agathe akizunguka yale mashimo, lakini hakuuliza neno. Mtu asiye na habari angeuliza, Agathe aliwaza. Halafu akakumbuka kwamba mke wa Zagabe, Clémence, huuza mizizi ya dawa soko la Kadutu. Njia nzima ya kurudi hakumwondolea Zagabe macho.

Ofisini hakusema kitu. Jumamosi alikwenda sokoni, akajifanya anaumwa tumbo, akachambua mizizi ya Clémence mmoja mmoja.

"Maman, tumbo yako haiumi," Clémence alimwambia. "Weye njo ule wa ku kitalu. Kama unatafuta bwana yangu, iko ku nyumba."

Agathe akapanda kilima hadi mtaa wa Cimpunda, nyumbani kwa Zagabe. Nyuma ya nyumba, ndani ya bidoni za plastiki za maji zilizokatwa, aliviona vichaka vyake vitatu. Vilikuwa vimenawiri, kimoja kikianza kutoa maua.

"Kumbe ni weye, Papa Zagabe."

"Ni miye." Zagabe hakuinuka kwenye kigoda. "Mwenye kisiwa anataka kuleta mbuzi pale, nyuma ya Pasaka."

"Na haukuniambia?"

"Nikuambie weye? Myaka mbili unakata matawi, unatia mu sac ya plastiki, unaenda nayo. Sijaona hata moja inarudi. Nilijua unauzisha bazungu."

Agathe aliinama kando ya bidoni. Matawi yote aliyokata ili ayaoteshe yalikuwa yameozea kitaluni, na kwa aibu hakuwahi kumwambia mtu. Sasa alisema. Zagabe alimsikiliza kichwa upande, kama anayepima uongo.

"Munaweka udongo gani?" aliuliza mwishowe.

"Ile nyeusi, ya kitalu."

"Njo maana. Hii inapenda mawe."

Mbuzi walifika kweli, wakala vichaka tisa kabla ya shirika kumshawishi mwenye kisiwa awahamishe. Mwezi wa kumi, Agathe na Zagabe walipanda kisiwani miche saba, iliyooteshwa kwenye changarawe ya Kacuba. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Agathe alianza kuvuka na mpiga kasia mwingine katikati ya mwezi, bila kumwarifu Zagabe, kwenda kukagua miche. Mara mbili alimkuta Zagabe amefika kabla yake, amechuchumaa, anahesabu. Yote saba ilikuwa hai.