Mkunazi wa Bi Moza

Jumatano, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Tangu alfajiri unavuma upepo wa gharbi, ule mkavu unaotoka jangwani, mchangani, na vumbi limeingia mpaka ndani ya sukari.

Jirani kafunga mbuzi wanne nyuma ya ukuta wetu hapa Al Khoudh, Omani, na harufu yao inaingia dirishani kama mgeni asiyepiga hodi. Binti yangu kafukiza ubani mara mbili, haukufua dafu. Na Mama, ambaye kusikia kwake ni kwa shida lakini kunusa ananusa, kaanza tena: "Nnamkumbuka yule mama wa Kibedui. Nilimchomea vitu vyake, mwenyewe akasema haidhuru. Watu wa zamani walikuwa na kifua."

Hadithi hii naisikia miaka arubaini, na kila mara inanichosha roho, maana hiyo "haidhuru" ni yangu mimi. Bi Moza hakuisema.

Sijui kama nitaeleza sawa. Shule niliishia la saba, na kuandika kwangu ni ndani ya daftari hili tu. Nitajaribu nisimwonee mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, nasi tuna miaka miwili tu tangu kurudi kutoka Unguja. Nyumba hapa zilikuwa za kuhesabu. Kila joto likikaza, Bi Moza na watu wake walikuja na mbuzi wao, wakajenga kibanda cha makuti ya mtende nyuma yetu. Wanaume walisaidia kuvuna tende, wakalipwa fungu lao la tende. Bi Moza alisukasuka maziwa, akatoa samli, akaihifadhi kwenye viriba vya ngozi, na ile samli ndiyo ilikuwa nguo zao na unga wao wa mwaka. Baridi ikianza, walirudi mchangani kufuata malisho. Vitu vya joto hawakuvibeba. Mikeka, sufuria, na viriba vipya alivyovipaka asali ya tende ndani ili vilainike mpaka warudi, vyote vilifungwa kamba vikatundikwa kwenye mkunazi. Ndiyo desturi yao: kilichotundikwa mtini kina mwenyewe, hata mwizi hakigusi.

Mwaka ule, kabla ya kuondoka, Bi Moza alikishika kiganja changu akakiweka juu ya kamba. Yeye Kiswahili hakujua, na Kiarabu cha Mama kilikuwa cha salamu na sokoni, basi mkalimani nilikuwa mimi. Akaniambia vitu hivi ni amana, nimwambie mama yangu. Nikasema naam. Akanipa donge la maziwa makavu, gumu, la chumvi. Donge nikalila, na Mama sikumwambia. Sikusahau, nisidanganye. Niliona haya tu. Skuli wenzangu walikuwa wakiziba pua, wakisema nanuka beberu kwa kushinda na Mabedui.

Halafu nge akamuuma mdogo wangu. Hapa lazima nimpe Mama haki yake: alikaa siku tatu hajalala, mtoto yuko kifuani kavimba mguu. Ya nne alitoka nje, akauangalia mkunazi na mafurushi yake, akaona ni maficho ya nge. "Kwetu kitu kikining'inia mtini ama taka, ama uchawi," akasema, akakata kamba kwa kisu cha samaki, akatia moto. Mimi nilisimama palepale na ndoo ya maji mkononi. Neno moja lingetosha, sikulitoa. Asali ya tende ilipoungua ilinukia vizuri, kama mtu anayeoka mkate, na mpaka leo kinachonikera zaidi ni uzuri wa harufu ile.

Joto liliporudi, Bi Moza alikuja mlangoni. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akasema polepole, "Mwambie mama yako, nilimkabidhi mwanawe."

Mama akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema haidhuru."

Mama akashusha pumzi. Na kwa kuwa ni muungwana, akaona si vizuri mtu aende mikono mitupu. Akaingia jikoni, akatoka na kopo kubwa la samli ya dukani, akampa kwa mikono miwili. Samli ya kopo, kumpa Bi Moza! Naye alilitazama kopo, akanitazama mimi, akalipokea na kumwombea Mama dua. Mama akaitikia amina.

Msimu ule, viriba vya samli hawana tena, niliwaona mbuzi wao wawili wa maziwa wakipakiwa kwenye gari la mnunuzi, Bi Moza kageukia ukutani.

Walipoondoka tulilikuta kopo kwenye mkunazi, limefungwa kwa kamba, halijafunguliwa. Mama akasema hana shukrani. Na mimi nikajitia kuamini hivyo. Ukubwani ndipo nilipowaza: kama alisusa, si angeliacha mlangoni? Yeye alilitundika. Pengine alituamini tena. Pengine alikuwa ananipa nafasi ya pili ya kusema. Au pengine nalivisha kosa langu kanzu nzuri, sijui. Mwaka wa pili hawakuja, na mkunazi wenyewe ulishakatwa, pamekuwa pa kuegesha magari.

Leo ile "haidhuru" imenishinda. Nimeinama sikioni kwa Mama nikamwambia yote, mpaka donge la maziwa. Kapangusa vumbi kwenye goti lake.

"Ukaniacha nikampa samli ya kopo," akasema.

Hakusema haidhuru.

Jioni tumekula bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, ambayo huliwa kwa kumwagiwa samli. Bakuli la samli lilipomfikia, Mama kalisogeza pembeni, kala kavu. Nami nikala kavu.