Meza ya Shangazi Inayovuta Hewa

Baada ya kuugua, shangazi yangu alibaki na mkono wa kushoto usio na nguvu. Yeye ni seremala wa vitu vidogo: visanduku vya hereni, fremu za picha, vifuniko vyembamba kama biskuti. Kazi ya aina hiyo huhitaji mkono mmoja ushike na mwingine usugue. Klampu, vile vibano vya kushikilia mbao, hazisaidii, kwani hukaa palepale msasa unapotaka kupita.

Baba, ambaye ni kaka yake na mwenzake katika karakana, alimshauri akae mbele apokee wateja. Meza yake angepewa fundi mpya, ambaye angeanza Jumatatu.

"Mkono ndio umechoka, kaka," shangazi akamjibu. "Mimi sijasema nimechoka."

Akatengeneza sanduku la kina kifupi, akaziba kila kiungo kwa gundi, kisha akatoboa safu za matundu kwenye ubao wa juu. Ubavuni akachomeka bomba la mashine kuukuu ya kufyonza vumbi. Hewa ikivutwa chini, alisema, kipande kitakachowekwa juu kitang'ang'ania chenyewe.

Siku ya kujaribu, aliweka kifuniko, akawasha mashine na kushika msasa. Kifuniko kikateleza hadi sakafuni. Baba alicheka mpaka akaegemea mlango, akauliza kama meza ile imekuja kufanya kazi au kupiga miluzi.

Shangazi akaikaribia meza. Aliinamisha sikio. Kifuniko kilikuwa kidogo, na matundu yote yaliyokizunguka yalikuwa wazi. Hewa ilikuwa ikipenya huko. Akakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akayafunika matundu hayo moja baada ya jingine. Mluzi ukafifia, kisha ukakoma.

"Haya, king'oe," akamwambia Baba.

Baba alivuta kwa kucha, kisha kwa mikono miwili. Kikakataa. Shangazi akamsogeza kwa kiwiko, akasugua kifuniko kwa mkono wake wa kulia, taratibu, mpaka kikang'aa.

Baba akaanza kusema kwamba, hata hivyo, fundi alikwisha kuahidiwa.

"Wewe ndiye uliyemwahidi," shangazi alisema, bila kuzima mashine. "Basi mpe meza yako."

Jumatatu fundi alipofika, alimkuta Baba akigongelea misumari kwenye meza yake mpya kando ya dirisha. Shangazi alimkaribisha, akamwomba asisimame kwenye bomba.