Wa Tatu Katika Mtumbwi

Hakuwa na jina. Shemeji yangu alikataa katakata: jina ni la binadamu, alisema, au la ng'ombe wa maziwa ukimpenda sana. Basi tulimwita Mbwa, na akiitwa Mbwa alikuja. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limekatika, na hakuna aliyejua alizaliwa wapi. Alitokea tu kijijini kwetu, chini kidogo ya mji wa Garissa, mwaka ule watu walipohamishwa kutoka mashambani na kukusanywa karibu na kambi ya wanajeshi. Watu walikuja na mbuzi, mikeka na watoto. Yeye alikuja peke yake.

Mimi na shemeji tulikuwa wavuvi wa mto Tana. Yeye ndiye aliyemwoa dada yangu mkubwa, mtu wa swala tano, mpole, mwenye subira ya kuudhi. Mimi nilikuwa na mdomo. Mtumbwi wetu ulikuwa wa gogo zima la mti, mimi nikisimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na yeye akikaa katikati kushughulikia ndoana na migono, yale matenga ya kutegea samaki. Tulivua kambare zaidi. Wanunuzi wetu walikuwa watu wa mto kama sisi, na makarani na askari waliotoka bara. Jirani yetu mmoja, Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, hakuwahi kuonja samaki maishani mwake na wala hakuwa na mpango huo. "Waryaa," aliniambia siku ya kwanza aliponiona nikipandisha mbwa mtumbwini, "kula samaki mnakula. Sasa na mbwa mnapanda naye. Mmebakisha nini?"

Nilimpandisha kwa sababu ya mamba. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alikuwa amevutwa kutoka mtumbwini akiwa ameinama kutoa mgono, na kilichopatikana ni kofia yake. Tangu siku ile nilikuwa nayaogopa maji, sioni haya kusema. Halafu nikagundua kwamba yule mbwa alikuwa anawajua mamba. Habweki. Anatazama maji mahali ambapo sisi hatuoni kitu, manyoya ya shingo yanasimama, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua. Mara ya kwanza nilidhani ni uzushi. Nikapeleka upondo pale alipotazama, na maji yakachafuka yakawa matope.

Shemeji alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mbwa akilowa ni najisi. Akimgusa samaki, nani atamla?"

"Mungu ameruhusu mbwa wa kulinda."

"Ameruhusu wa kulinda mifugo. Wewe una mbuzi mtoni?"

"Atalinda miguu yako, shemeji."

Akaitazama miguu yake. Jioni ile alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, akarudi na masharti. Mbwa akae mbele kabisa, juu ya tuta la udongo tutakalomjengea mtumbwini. Kati yake na sisi uwekwe ubao wa kukinga, na samaki wawe nyuma ya ubao. Na kila siku tukirudi, ile sehemu ya mbele ioshwe mara saba, moja kati ya hizo saba kwa udongo. Nikasema sawa. Kazi ya kuosha aliichukua yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuniamini, na alifanya vizuri kutoniamini.

Aliosha kwa kata ya kifuu, akihesabu kwa sauti ili watu wa kivukoni wasikie na samaki wetu wanunuliwe. Nami kila akifika katikati nilimwambia, "Umeruka nne." Hakuwa ameruka. Alikuwa anajua hakuruka. Lakini shaka ikishamwingia mcha Mungu haitoki, basi alinung'unika, "Astaghfirullah, we mtu we," akaanza tena moja. Kuna siku nilimwoshesha mara kumi na nane. Mbwa alikaa kando akimtazama, na sidhani kama wawili hao waliwahi kugusana hata kwa bahati mbaya.

Vita vilikuwa vimeshika wakati huo. Redio iliwaita wapiganaji wa msituni shifta, yaani majambazi, nasi mbele ya askari tuliwaita hivyo hivyo. Majumbani wengine waliwaita watoto wetu. Barabara ya kwenda Liboi, mpakani, ilikuwa inategwa mabomu, na mto ulikuwa na amri zake: mitumbwi yote ifungwe kivukoni mbele ya askari, itoke baada ya jua kuchomoza, irudi kabla ya saa sita mchana. Atakayeonekana majini baada ya saa sita atapigwa risasi. Kila mtumbwi ulipewa karatasi yenye idadi ya waliomo. Ukirudi, karatasi ilisomwa na vichwa vikahesabiwa, maana serikali iliogopa kwamba tunavusha watu ng'ambo, au tunawaacha huko.

Koplo aliyekuwa anaandika karatasi alikuwa kijana mcheshi kutoka magharibi, aliyekulia kando ya ziwa na kupenda mambo ya samaki. Siku moja aliniuliza, "Mko wangapi?"

"Watatu, afande. Ila wa tatu hana kipande."

Akachungulia, akamwona Mbwa amekaa juu ya tuta lake. Alicheka mpaka kofia ikamteleza. Akaandika tatu. Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Kila asubuhi tatu, kila mchana anahesabu, "Moja, mbili, na mzee wa mbele," akimrushia Mbwa mfupa wa kambini aliouweka kwenye gazeti.

Shemeji hakuupenda mchezo huo. "Karatasi ya serikali usiichezee," aliniambia, si mara moja. Nikamwambia aache woga.

Siku ninayoisimulia tulivuka kama kawaida, na karatasi yetu ilikuwa na tatu. Tulipofika ng'ambo, kwenye fungu la mchanga tulikokuwa na migono miwili, kenge alichomoka majanini na Mbwa akaruka akamfuata. Si jambo geni. Nilipomaliza kazi nilipiga upondo ubavuni mwa mtumbwi, ko, ko, ko. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu: tunaondoka, panda. Kwa ile sauti alikuwa anakuja hata akiwa na mfupa mdomoni. Siku hiyo hakuja. Nikapiga tena. Shemeji alitazama jua, akasema saa sita inaingia.

Tukamwacha. Niliwaza nitamkuta kesho asubuhi palepale kwenye mchanga, amechafuka na hana habari.

Kivukoni hatukumkuta koplo wetu. Alikuwa ameondoka asubuhi ile, baada ya kutuandikia, na msafara wa malori kuelekea Liboi, na misafara ya Liboi ilichukua siku nne, tano. Mahali pake palikuwa na koplo mwingine, mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wiki ile wenzake wawili walikuwa wamelipuliwa na bomu barabarani. Alisoma karatasi, akatuhesabu, akasoma tena.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Ni mbwa, afande," nikasema.

"Nimekuuliza mtu wa tatu yuko wapi."

"Ndiye huyo, afande, ni mbwa. Koplo mwenzako alituandikia kwa utani."

"Serikali inaandika mbwa?"

Nikaanza kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyo ya kipuuzi. Aliamuru mtumbwi ufungwe kwa mnyororo. Shemeji akaketishwa juani, mikono kichwani. Lori la saa nane lilikuwa linapeleka watu kuhojiwa, na mimi nilimjua mtu mmoja aliyepanda lori hilo mwezi uliopita, na mke wake alikuwa bado anauliza. "Huyu atapanda," koplo aliniambia. "Wewe una mpaka saa nane kuniletea aliyeachwa ng'ambo."

Ilikuwa inakaribia saa saba. Nilimtazama shemeji, nikamfikiria dada yangu na ujauzito wake wa miezi saba. Kisha mtu mmoja akasema, "Yule!"

Mbwa alikuwa ng'ambo, moja kwa moja mbele yetu. Alikuwa ametufuata kandokando ya mto, na sasa alikuwa anakwenda juu na chini ukingoni.

"Afande, ndiye yule! Nipe mtumbwi nimlete."

"Hakuna mtumbwi unaotoka baada ya saa sita. Na mbwa ni wengi. Kama ni wako, mwite aje."

"Kuna mamba hapa."

"Basi si wako."

Upana wa mto pale si mkubwa, mtu hodari wa kurusha jiwe analifikisha. Maji yalikuwa ya kahawia na yametulia. Nilitazama ng'ambo nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona: Mbwa alisimama, akatazama maji upande wa juu kidogo, manyoya ya shingo yakasimama, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Alikuwa anatuambia, kama kila siku. Hakuwa mbwa wa kuingia majini. Hiyo ndiyo sababu nilimchukua.

"Usimwite," shemeji akasema.

Niligeuka. Alikuwa juani, jasho linamtiririka usoni, mikono kichwani. "Mwache huko. Mimi nitajieleza, inshallah. Sina kosa, nitajieleza."

"Utajieleza kwa nani?" nilimfokea. Nilikuwa na hasira naye kwa kuwa mtulivu, na hasira na koplo, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe, kwa sababu ule utani ulikuwa wangu.

"Tungoje," akasema. "Saa nane bado."

Sikuweza kungoja. Sijawahi kuweza. Nilichukua upondo, nikauendea mtumbwi uliofungwa mnyororo, nikapiga ubavuni. Ko, ko, ko.

Mbwa aliinua sikio lake moja. Akaja ukingoni, akarudi nyuma, akalia kidogo. Nikapiga tena. Akaingia mpaka magoti, akatoka. Mara ya tatu nilipiga kwa nguvu nikaita, "Mbwa! Njoo!" na akaingia.

Aliogelea vizuri kuliko nilivyotarajia, kichwa juu, macho kwangu. Askari wote walikuwa wamesimama. Alipita katikati ya mto. Nilianza kumwita kwa sauti ya kubembeleza, maneno ambayo nisingependa yaandikwe. Alikuwa amebakiza umbali wa urefu wa mitumbwi mitatu hivi. Maji yakafunguka kidogo upande wake wa kulia, akageuza kichwa kutazama, kisha hakuwapo. Hakukuwa na kelele. Mviringo wa maji ulipanuka ukatufikia miguuni.

Koplo alirudi kuitazama ile karatasi. Hakuwa mtu mbaya, nadhani. Alikuwa amechoka na anaogopa kama sisi sote. Alitoa kalamu, akakata tatu, akaandika mbili, akatia sahihi pembeni. "Mwachieni huyo," akasema, na hakututazama tena.

Shemeji alishusha mikono. Nilikaa ukingoni. Nililia, na ni bora niseme hivyo kuliko kusingizia vumbi.

Haikupita nusu saa, tukasikia malori. Msafara wa Liboi ulikuwa umegeuka njiani, barabara ilikuwa imetegwa. Koplo wetu aliruka chini kutoka lori la kwanza, mweupe kwa vumbi mpaka kope, akatuona, akatoa gazeti lililokunjwa chini ya kiti. Saa nane ilikuwa bado.

"Karibu nikose kuwahesabu," akasema. "Mzee wa mbele yuko wapi?"

Nusu saa. Ningefunga mdomo wangu na kukaa na mikono yangu mapajani kwa nusu saa tu. Nimelihesabu jambo hilo mara nyingi tangu wakati ule na halipungui wala haliongezeki.

Yule koplo mwingine alimshika mwenzake mkono akamvuta kando. Shemeji alikuwa ameshauendea mtumbwi na kata yake, maana Mbwa alikuwa amepanda asubuhi na sheria ni sheria. Alipangusa lile tuta la udongo kwa kiganja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akaanza kumwaga maji, akihesabu kwa sauti kama siku zote. Moja. Mbili. Ya udongo. Nne. Tano. Halafu akaisimamisha kata akiutazama mto, akamwaga tena, akasema saba.

Siku hiyo aliruka kweli. Sikumwambia.