Kambare Aliyemshtua Mama Mdogo

Siku ile mtoni tulikuwa watu wanne: bibi yangu mzaa mama, Bi Mize; binti yake wa mwisho, mama mdogo Raya, mwenye mimba ya miezi saba; mumewe Faki, niliyemwita Baba Faki, aliyekuja kutubebea nguo mbichi kwa kuwa hakutaka mkewe anyanyue kitu; na mimi. Nilipokuwa mtoto nililelewa na hao watatu, kijijini kwetu karibu na Pujini. Mpaka leo nikiwakumbuka hucheka, kisha hukereka, kisha hucheka tena.

Mto wenyewe si wa kuitwa mto. Ni maji yanayopita baina ya mawe chini ya bonde la mpunga, na wanawake wa kwetu hufulia hapo. Raya alikuwa akisuuza kanga. Akaivuta, haikuja. Akaivuta kwa nguvu, ikaja, na kwenye pindo lake kunaning'inia kitu cheusi chenye madoadoa, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Mdomo wake ulikuwa chini ya kichwa, wa duara, ukifyonza hewa. Miiba ya mapezi ilikuwa imenasa kitambaa. Kisha kikakoroma. Naapa kilikoroma, kama mlango uliokauka bawaba. Raya alipiga ukelele akaanguka kitako majini.

Baba Faki aliokota jiwe. "Nikipige?"

"Umpige mwanao?" Bibi akamdaka mkono. "Hujui kuwa kilichomshtua mama kimeshamshika mtoto? Kikiumia hichi, na aliyemo tumboni kaumia. Weka jiwe chini, Faki, kabla sijakupiga nalo wewe."

Bibi aliweza kumwambia hivyo kwa sababu Faki, kabla ya kuwa mkwe, alikuwa mtoto wa kaka yake. Siku nyingine tungecheka. Lakini Raya alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Alikuwa bado amekaa majini, mikono juu ya tumbo, akimtazama Bibi kama mtu anayesubiri hukumu.

Bibi akahukumu. Samaki achukuliwe nyumbani atunzwe, asidhurike mpaka mtoto azaliwe. Na Raya asimwone tena hata kwa bahati mbaya, maana jicho la pili ndilo linalompa mtoto sura ya kitu kile.

Na nani atamtekea maji? Hakuna aliyeuliza. Wote walinitazama mimi.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule nilipita mikarafuuni mpaka kisimani, nikarudi na ndoo kichwani, nikambadilishia maji samaki. Wenzangu walibeba maji ya kupikia, mimi nilibeba maji ya kambare. Walijua, na waliniimbia njia nzima: "Mtumishi wa samaki! Bwana wako kaamka?" Nilikuwa nikifika shule nimevimba mashavu kwa hasira.

Kuwa ni kambare tuliambiwa na Bwana Karimu, Mhindi muuza vitambaa wa Chake Chake, aliyekuwa na tangi la kioo lenye samaki wa mapambo dukani kwake. Baba Faki alimpelekea picha kwenye simu. Bwana Karimu aliacha wateja wake wakisubiri, akamweleza kila kitu. Aliporudi nyumbani, Baba Faki alisimama uani akatuhutubia kama mwalimu.

"Si jini. Ni jamaa ya kambare, asili yake mito ya Amerika ya Kusini. Hana magamba kama samaki wengine, ana mabamba ya mfupa yamepangwa safu safu, kama deraya ya askari wa zamani. Huo mdomo wa chini ni wa kujibandika kwenye mawe asichukuliwe na maji, na wa kukwangua ule utelezi wa kijani, ndicho chakula chake. Maji yakichafuka huja juu akameza hewa, akapumua kwa tumbo. Na kukoroma, anasugua mwiba wa pezi kwenye mfupa wake."

"Amerika," Bibi akasema. "Kaja kwa miguu?"

"Watu huwafuga, shangazi. Pengine mtu kahama, kaona huruma kumwacha afe, kamwaga mtoni."

"Huruma hiyo ndiyo iliyomwangusha mke wako majini."

Baba Faki alimalizia jambo moja, sauti imeshuka. "Bwana Karimu anasema dume huchimba shimo ukingoni, jike likataga humo, na dume likabaki kulinda mayai. Halitoki mpaka watoto waanguliwe."

Nilimwona Raya, aliyekuwa mlangoni, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtoni.

Samaki mwenyewe hakuwa na shukurani. Beseni lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limefunikwa ungo, juu ya ungo jiwe. Asubuhi moja niliamka nikakuta ungo uko chini na beseni tupu. Tulimtafuta mpaka jua likapanda, Bibi akisoma kila dua aliyoijua, Baba Faki akitambaa kwa tumbo na kanzu yake ya Ijumaa. Alimkuta chini ya banda la kuku, amejaa vumbi na manyoya, tumeshakata tamaa. Tukamrudisha majini. Akakoroma, akajibandika kwenye beseni kama hakuna kilichotokea. Siku hiyo nilichelewa shule nikachapwa, na sikuweza kumweleza mwalimu sababu. Ungesemaje?

Kila asubuhi Raya alisimama upande wa pili wa ukuta, asione, akauliza, "Kaamkaje?"

Nasi tukajibu, "Kaamka salama."

Basi hapo ndipo siku yake ilipoanza. Alikunywa chai, alikula, alifagia. Majirani nao walizoea. Bi Time wa nyumba ya pili alileta maganda ya boga kila alipopika, akasema, "Ya mgonjwa wenu," ingawa hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo Bibi aliamua kuongeza kinga. Alisoma Yasini yote, akapulizia, akachukua chupa ya marashi ya waridi, yale mazuri ya kupokelea wageni, akamimina humo, beseni zima likanukia kama chumba cha bi harusi. Alasiri nilipokwenda kutazama, samaki alikuwa tumbo juu. Kiumbe kilichoishi asubuhi nzima mavumbini bila tone la maji kilikufa kwa marashi.

Bibi alikuja, akatazama, akakaa chini pale pale kwenye udongo. Sikuwahi kumwona Bibi akikaa chini bila mkeka. Midomo yake ilitikisika, lakini hakuwa anasoma dua. Baba Faki alimfunga samaki kwenye jani la mgomba, akachukua jembe, akaenda kumzika mgombani. Aliporudi alichuchumaa mbele ya Bibi.

"Shangazi, wewe hukumuua mtu. Umesikia? Alikuwa samaki mgeni, marashi hakuyazoea."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akanigeukia. "Lifunike beseni. Kesho utateka maji kama kawaida."

"Ya nani, Bibi?"

"Ya kambare."

"Kambare si kafa?"

"Ndiyo maana ufunge mdomo."

Na hivyo mimi, mtoto mwenye akili timamu, nilibeba ndoo za maji kwa samaki aliyezikwa. Nilimwaga ya jana, nikatia ya leo, nikafunika, nikaweka jiwe. Wenzangu wakaniimbia vile vile. Bi Time, ambaye tulimwambia, aliendelea kuleta maganda na kusema kwa sauti ili Raya asikie, "Ya mgonjwa wenu!" Maganda tukawapa mbuzi. "Kaamkaje?" Raya akauliza. "Kaamka salama," tukajibu watu watatu kwa pamoja, na Bibi ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mtoto alizaliwa hospitali ya Chake, msichana mzima, ngozi laini. Bibi alimgeuza geuza kila upande kabla ya kumbusu. Lakini baada ya wiki chache, utosini kwake kukatoka maganda ya manjano, yamepandana safu safu. Bibi alipoyaona alimweka mtoto kitandani, akamwambia Raya kila kitu: Ijumaa, marashi, jembe.

"Nilijua, mama," Raya akasema.

"Ulijuaje?"

"Faki alirudi na jembe, hakunitazama. Na siku zile ukuta wote ulinukia marashi."

Nilishindwa kuvumilia. "Sasa kwa nini ulikuwa unauliza kila siku?"

Alinitazama, akaona haya kidogo. "Siku ya kwanza nililia sana. Halafu asubuhi nikasikia ndoo yako. Nikauliza tu, nisikie mtasemaje. Mlivyojibu nyote watatu, nikaona acha niulize na kesho."

Muuguzi alisema tupake mafuta ya nazi, ni jambo la watoto wengi. Maganda yakaisha. Mwaka huu mwanangu wa kwanza alitokwa na maganda yale yale, na mimi sijashtushwa na samaki yeyote. Nilipokuwa nikimpaka mafuta nilijaribu kuwakasirikia tena watu wangu kwa zile ndoo zote, na kwa kweli bado nakasirika kidogo, shingo yangu inazikumbuka. Ila najua sasa mwanamke mwenye hofu anavyoamka alfajiri na kusikiliza kama kuna mtu ameamka kabla yake. Siamini kuwa kambare anaweza kumshika mtoto tumboni. Naamini tu kwamba Raya alikunywa chai yake kila asubuhi.

Baada ya yule msichana, Raya alizaa wengine wawili, wote wavulana.