Shimo la Tano, Pita Kulia

Miaka ile Mwingereza alipokuwa ameshakalia kiti cha Mjerumani na kukiona kinamfaa, mchezaji yeyote wa gofu pale Moshi angekuambia kwamba uwanja wa klabu yao haukutaka nguvu, ulitaka masikio. Masikio yenyewe yalitakiwa kumsikiliza Sirili. Alikuwa mtu wa Uru, mwembamba, Mkatoliki wa kila Jumapili, na kazi yake ilikuwa kubeba mfuko wa fimbo za Wazungu na kuwaambia wapige wapi. Wabebaji wenzake wote waliitwa boi. Yeye aliitwa Sirili, na tuseme ukweli, alilipenda hilo kuliko ilivyompasa.

Shimo la kwanza, aliwaambia, usijionyeshe. Watu wamekaa barazani na glasi zao wanakutazama, nawe unataka mpira ufike Kahe. Chukua fimbo ya chuma, piga kwa adabu, maana kulia kuna mibuni, na mpira ukiingia kwenye mibuni umeaga. La pili, kwanza jiulize ni saa ngapi. Asubuhi upepo hushuka kutoka mlimani, mchana hupanda kutoka nyikani, na anayepiga mchana kama alivyopiga asubuhi atautafuta mpira wake kwa jirani. La tatu limekatwa na mfereji wa maji. Piga mfupi, uvuke kwa pigo la pili. Wenye kiburi walitaka kuuvuka kwa pigo moja, na vyura wa mfereji ule walikuwa na mipira mingi kuliko klabu yenyewe. La nne lina korongo, na dawa ya korongo ni kutolitazama. Halafu penye kibendera cha shimo lolote, ambapo hapakuwa na majani bali mchanga uliomwagiwa mafuta machafu na kusawazishwa, kumbuka kwamba kila mpira huukimbia mlima, hata kama jicho linakuambia vingine.

Shimo la tano, pita kulia. Hapo Sirili hakuwa na maneno mengi. Kushoto ni tope, alisema, mpira unazama na kiatu pia. Kulia ni mbali lakini ni salama.

Alikuwa akisema uongo. Kushoto kwa shimo la tano palikuwa na safu nene ya masale, ile mimea mirefu ya majani membamba ambayo Mchagga huipanda mpakani na penye kaburi, na chini ya masale yale alilala mama yake. Mahali pale pote palikuwa kihamba cha baba yake, shamba la urithi, migomba tupu, kabla Mjerumani hajapataka na kuwafukuza wapande juu mlimani. Mjerumani alishindwa vita akaenda zake, na watu wa Uru walidhani ardhi itarudi. Mwingereza alipita hapo, akapaona pana mteremko mzuri, akachimba mashimo tisa. Migomba iling'olewa siku nyingi. Masale yalibaki kwa sababu hayakumzuia mtu, na hayakumzuia mtu kwa sababu Sirili aliwaelekeza wote kulia.

Uongo wake aliulinda vizuri. Jioni ya kuamkia mashindano alifungua mfereji kidogo, maji yakatambaa mpaka mbele ya masale, asubuhi Wazungu wakaona tope kwa macho yao. Ng'ambo ya masale palikuwa pakavu kama sakafu, na kutoka hapo ardhi iliteremka moja kwa moja hadi kwenye kibendera. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia fupi ya shimo la tano. Aliijua yeye peke yake.

Kaka yake, Leodegar, hakuwahi kukanyaga pale. Sirili alipoanza kazi ile, Leodegar alimnyamazia msimu mzima wa kahawa, asimpe hata salamu. Ndipo Sirili akamwendea, akamweleza kuhusu masale, akamwapia kwamba maadamu yeye anabeba ile mifuko, hakuna mpira utakaoruka juu ya mama. Leodegar alifikiri, akasema basi, afadhali mlinzi kuliko kutokuwa na mlinzi. Tangu hapo walisalimiana. Kila Jumapili baada ya misa Leodegar alimwuliza swali lile lile, kama masale yapo, na Sirili akajibu yapo, kisha wakaongea habari nyingine.

Ukafika mwaka ambao Wazungu wa Arusha walikuja kugombea kombe. Siku ile mfuko aliobeba Sirili ulikuwa wa Bwana Pettifer, mlowezi wa kahawa, mtu mpole mwenye upara uliounguzwa na jua. Mfuko wa mgeni aliyeshindana naye ulibebwa na Mashaka, mtu wa Majengo, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. Walipozunguka mara ya kwanza mabwana walikuwa sawasawa, na mara ya pili, toka shimo la kwanza hadi la nne, Mashaka alimchezea Sirili kwa maneno. Alimwambia kombe linapanda lori jioni. Alimwambia elimu yake ya mashimo imekuwa kama kanzu ya marehemu, kila mtu ameshaivaa. Na kweli, wabebaji wote walikuwa wameikariri kwa kumsikiliza. Sirili alicheka kwa nje. Ndani alikuwa akichemka.

Kwenye shimo la tano mgeni alipita kulia, akapiga vizuri sana. Bwana Pettifer aliusindikiza mpira ule kwa macho, akanyong'onyea. Akamgeukia Sirili, akamwuliza kwa sauti ndogo kama hakuna njia nyingine.

Angeweza kusema hakuna. Ndicho kinachonichoma mimi ninayesimulia. Hakushikiwa bunduki, hakuahidiwa kitu, na bwana mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa na angeridhika. Lakini Mashaka alikuwa pale anatabasamu, na njia ile nzuri, iliyofichwa miaka yote isionwe na mtu, ilikuwa inamwasha Sirili kama upupu. Kwa kitambo kidogo alisahau kwamba yeye ni mtoto wa mtu. Alikuwa mjuzi wa gofu tu.

"Ipo, bwana," alisema. "Kushoto, juu ya masale. Ng'ambo yake ni pakavu, panateremka mpaka kwenye kibendera."

Mpira uliruka juu ya mama yake, ukatua, ukabingirika kwa utulivu mpaka jirani na shimo. Mashaka alifunga mdomo. Sirili alicheka kwa nguvu, kicheko cha furaha kabisa, na hicho ndicho alichokuja kukikumbuka zaidi kuliko mengine yote.

Kombe likabaki Moshi. Bwana Pettifer alimpa mkono mbele ya watu, akamzawadia mfuko wa sukari na siku chache za mapumziko. Sirili alipanda Uru na sukari begani. Sehemu yake alimpelekea Leodegar, na Jumapili ile walikunywa chai nzito yenye utamu uliopitiliza. Leodegar aliuliza kama masale yapo. Sirili akajibu yapo, na siku hiyo alisema akiamini ni kweli.

Aliporudi kazini hakuyakuta. Kamati ya klabu ilikuwa imekaa, ikaona kwamba shimo la tano sasa lina njia nzuri kuliko zote isipokuwa imezibwa na vichaka. Vibarua walikata, wakang'oa mashina, wakasawazisha udongo. Kaburi halikuonekana lilipokuwa. Pembeni palikuwa na lundo la majani yaliyoanza kunyauka, na Sirili alisimama mbele yake na mfuko wa mtu begani mpaka alipoitwa mara ya pili.

Bwana Pettifer alisikia habari ya kaburi kwa mpishi wake, ambaye naye alikuwa wa Uru. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye uchungu wake. Alimfuata Sirili nyuma ya nyumba ya klabu, uso umemwiva, mkononi kashika kitu.

"Nasikia ninyi Wachagga mkikosana mnapelekeana hii," alisema. "Mimi sikujua, Sirili. Nisamehe."

Lilikuwa isale, jani moja la yale masale. Alikuwa amelichomoa kwenye lile lundo.

Mchagga akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama aliyelileta amemwulia ndugu. Sirili alilipokea kwa mikono miwili. Bwana alishusha pumzi, akampiga bega, akaenda kunywa chai yake. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, na sijui kama kuna jambo linaloudhi kuliko hilo.

Siku hiyo hiyo Sirili alipanda Uru. Alijua anachotakiwa kufanya, na isale alilokuwa nalo lilikuwa hilo moja. Masale mengine yalikuwepo njia nzima, kwenye mipaka ya watu, lakini hakuwa na uso wa kusimama na kuomba. Alimkuta kaka yake anakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, kaka," alisema, akapiga goti, akalinyoosha lile isale, akaeleza yote bila kuficha, hata kile kicheko.

Leodegar aliliangalia jani muda mrefu, jinsi lilivyonyauka ncha. Hakuuliza limekatwa wapi. Alifuta mikono kwenye kaptula, akalipokea, kwa kuwa naye alikuwa Mchagga na hakuwa na ruhusa ya kukataa.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa nionyeshe nilipande wapi."

Sirili aliendelea kupiga goti mpaka kaka yake alipoingia ndani na kufunga mlango.

Jumapili iliyofuata walikutana kanisani wakasalimiana, maana msamaha ulishatolewa, ila Leodegar hakuuliza tena lile swali. Na Jumatatu asubuhi, mgeni mmoja kutoka Tanga alifika kwenye shimo la tano, akaweka mpira juu ya kijiti, akamwuliza Sirili apige wapi.

"Kushoto, bwana," alisema Sirili. "Siku hizi ni kushoto."