Mume wa Kasyoka Apakuliwa Biashara Street

Siku ya kwanza kumwona Nicanor nilidhani anafukuza nyuki. Alikuwa amesimama mbele ya duka langu, mikono juu, vidole vikizunguka, na Kahindi, hamali wangu, ameganda na robota la kanga begani.

"Bi Alawiya, huyu mzee aniamuru ningoje," Kahindi akasema, "nami nangoja."

Nikamwuliza mzee ni nani. Akajibu kwa adabu kuwa amestaafu bandarini, ambako maisha yake yote alisimama chini ya kreni akiielekeza kwa mikono. Hakuna kontena lililogusa chini bila idhini ya kidole chake. Nikamwambia hapa hakuna kreni. Akamtazama Kahindi utosini hadi nyayoni, akasema huyu atafaa.

Kesho yake akaja mkewe, Kasyoka. Hakuja kununua. Nyumbani hakukaliki, akasema: sufuria haishuki jikoni mpaka mume ashushe mkono, na juzi mgeni alizuiwa mlangoni mpaka upepo utulie. Basi ameamua wahamie kwao Mwala, kijijini bara, na tangu mzee asikie hivyo amesusa chakula.

"Kule hakuna hata kitu cha kushushwa. Atanifia. Mchukue wewe, mama."

Mali ikiletwa mlangoni, mimi kwanza huitia kasoro. Nikasema ni mzee, tena aziba njia ya wateja. Kasyoka akamsifu: hanywi, haumwi, huamka bila kuamshwa. Nikasema simlipi. Akasema nani kataja malipo. Hapo nikajua ana shida kweli, nikaongeza sharti: chakula cha mchana kije dukani, cha watu wawili, kila siku ya kazi.

Akaguna. "Hata mume wa mtu wataka nyongeza?"

"Mpeleke Mwala, basi."

Tukapeana mikono.

Sitamsingizia, kazi aliifanya. Marobota yaliacha kupasuka. Hata mabibi hawakukunjua doti mpaka mkono wake ushuke, na watu wakajaa kumtazama. Mtu akisimama sana mbele ya kanga, hununua.

Amin wa duka la mkabala hakulala kwa wivu. Akamwita mzee, akamvisha jaketi la riflekta, akamwahidi wali kila mchana. Nicanor akaja kuniaga.

"Bi Alawiya, fundi hapewi meli moja. Hupewa gati zima. Nataka barabara yote."

Nikaanza kumkumbusha makubaliano yetu. Akainua kiganja, taratibu, kama mtu anayesimamisha tani ishirini hewani. Nikanyamaza, mimi ambaye wauzaji wa Mombasa nzima hawajawahi kuninyamazisha.

Sasa mkokoteni hauingii Biashara Street bila yeye. Habari ya Mwala imekufa, na Kasyoka apika kwa amani. Mimi nimepoteza mfanyakazi wa bure, lakini chakula sikukiachia: makubaliano nilifanya na mke, si na mume. Kila mchana sahani mbili zaja dukani, twala mimi na Kahindi. Nicanor alishwa na Amin.